Mbwa wa Saa ya Baba

Shangazi Pindo alikuwa fundi wa mapazia, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuwahi kumruhusu mtu atoke dukani kwake na pindo lililokwenda upande. Kama mikono yake ingebaki kwenye mapazia, mambo haya yote yasingetokea. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja tangu utotoni: kitu cha mwenzake kikiharibika, anayewashwa ni yeye. Pasi ya jirani, mwavuli wa mgeni, bawaba ya mlango wa ofisi aliyoingia kuuliza njia tu, vyote vilimkosesha raha mpaka ahakikishe vimepata mtu wa kuvitengeneza. Wenye vitu mara nyingine walishukuru. Mara nyingine walimwomba asirudi.

Saa iliyomponza ilikuwa ya marehemu baba yao. Ilikuwa saa ya mkononi ya zamani, ya kukaza kwa vidole kila asubuhi, yenye uso wa rangi ya maziwa na mishale myembamba kama miguu ya buibui. Baba yao aliivaa miaka yote aliyokuwa mpeleka barua wa posta, akizunguka na baiskeli mtaa kwa mtaa. Alipofariki ikaenda kwa mtoto wake wa kwanza, kaka yake Shangazi Pindo, msimamizi wa ghala aliyekwisha kustaafu, ambaye ukoo mzima ulimwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake. Kipaza akiongea na mtu kwa simu, mtu yule angeweza kuikata simu na bado akaendelea kumsikia.

Saa yenyewe ilikuwa imesimama siku nyingi. Jambo hilo halikumsumbua Kipaza hata kidogo, kwa maana hakuipendea majira. Aliipendea alama. Ubavuni mwake, karibu na kifundo cha kukazia, palikuwa na mbonyeo mdogo, na mbonyeo huo ulikuwa na hadithi yake. Siku moja Baba alipeleka barua kwenye nyumba yenye geti kubwa, akarukiwa na mbwa. Akainua mkono kujikinga. Mbwa akauma, lakini badala ya nyama akakuta saa, jino likamvunjika, akaondoka analia. Baba akajipangusa vumbi, akaitumbukiza barua kwenye sanduku lake, akapanda baiskeli akaenda zake. Kipaza aliisimulia hadithi hiyo kwenye kila harusi, kila mahafali, na kwa kila mgeni aliyefanya kosa la kuuliza ni saa ngapi. Na kila alipoisimulia aliongeza chumvi kidogo. Mbwa aliyeanza akiwa wa kawaida tu, wa kulinda kuku, alikuwa akikua mwaka hadi mwaka, na wakati wa mambo haya alikuwa amefikia kimo cha ndama.

Sasa, binti yake Kipaza alikuwa amesomea meno. Baada ya kufanya kazi kwenye kliniki za watu alikuwa anafungua ya kwake mwenyewe, vyumba viwili ghorofani juu ya duka la miwani, na mapazia, bila shaka, yalishonwa na shangazi yake. Kipaza akatangaza kwamba siku ya ufunguzi atamvisha binti yake saa ya babu yake, mbele ya watu. Hapo ndipo Shangazi Pindo alipoanza kuwashwa.

Alimwambia kaka yake kwamba ni aibu kumpa daktari saa iliyokufa, wagonjwa watamwonaje. Kipaza akasema saa haijafa, imepumzika. Walivutana pale sebuleni mpaka wifi yake, mkewe Kipaza, akatoka jikoni na mwiko mkononi kuwaambia kama ni kuvutana wakavutane barazani, yeye ana kichwa kimoja tu. Mwishowe Kipaza aliivua ile saa taratibu, kama mtu anayevuliwa kidole, akaifunga kwenye leso.

"Ndani tu, Pindo," alimwambia dada yake. "Nje fundi asiguse. Hasa pale alipouma mbwa. Umenielewa?"

Akasema ameelewa. Na kweli alikuwa ameelewa, ila kuelewa kwenyewe kulimponyoka njiani.

Fundi saa alikuwa na kijiduka chembamba kilichobanwa kati ya duka la viatu na mahali pa kutolea fotokopi. Ukutani saa zilijaa kutoka dari hadi sakafu, kila moja ikionyesha wakati wake na hakuna iliyokuwa na wasiwasi. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa kujisikia. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, na kabla ya kushika saa ya mteja alinawa mikono kama anayekwenda kupasua mtu. Alibandika lensi yake jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia, akaguna. Mafuta yalikuwa yameganda yamekuwa gundi. Springi ilikuwa imekatika. Akaanza kueleza kila kitu kilivyopaswa kuwa na kilivyokuwa, na Shangazi Pindo, ambaye alijua jinsi mafundi wanavyolainika, akampamba kwa sifa. Akamwambia mtaani kwao wanasema yeye akiishika hata saa iliyozama mtoni inafufuka. Fundi akatabasamu kwa upande mmoja, akamuuliza anataka kazi ifanyweje.

"Mimi nikuambie nini wewe, fundi," akajibu. "Ifanye iwe kama mpya."

Maneno hayo aliyasikia yeye kila siku kwa wateja wake, juu ya mapazia, na yalimtoka bila hata kubisha hodi. Akaenda zake akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza shughuli.

Alipopigiwa simu aje kuichukua, alimkuta fundi amesimama nyuma ya kaunta, mikono nyuma, kitambaa cheusi kimetandikwa, na saa katikati ya kitambaa. Shangazi Pindo alidhani ni ya mtu mwingine. Ilimeremeta. Kioo kilikuwa kipya, kisicho na mkwaruzo hata mmoja. Mlio wake ulikuwa mwepesi, wa haraka, kama mtoto anayetembea na viatu vipya. Aliisogeza sikioni na macho yakamlowa, kwa sababu mlio ule aliusikia mara ya mwisho akiwa amelala kifuani kwa baba yake. Akamsifu fundi, na safari hii alimsifu kwa dhati. Kisha akaigeuza ubavu.

Ubavu ulikuwa laini kama yai.

Aliuliza jino liko wapi. Fundi akauliza jino gani. Akaelezwa habari za mbwa. Aliitoa lensi jichoni, akaifuta kwa koti, akairudisha mfukoni. Kisha akasema pale palikuwa na jino kweli, hilo hakatai, ila lilikuwa jino la koleo.

"Mbwa hana mistari kwenye jino, mama. Ule mbonyeo ulikuwa na vimistari kama vya kitana, na upande wa pili kulikuwa na mwenzake, mdogo zaidi, umefichwa na mkanda. Mtu aliibana hii saa kwa koleo akitaka kuifungua, akashindwa. Nimeona nyingi za hivyo. Nikasema, huyu mama aibu kama hii hawezi kutaka ibaki, nikaipiga msasa mpaka ikaisha."

Shangazi Pindo aliketi kwenye stuli ya wateja bila kukaribishwa. Miaka yote ile ya harusi na mahafali, watu wazima walinyamazishwa, watoto wakazibwa midomo ili mbwa apite, na mbwa hakuwepo. Swali lilikuwa ni nani aliyeshika koleo. Hadithi aliyeianzisha alikuwa baba yao mwenyewe, hilo alilijua. Yeye alikuwa mchanga mno wakati huo, lakini mama yao alizoea kusema kwamba Baba ndiye aliyekuja nyumbani nayo. Basi pengine Baba aliibana saa yake mwenyewe akaona haya kusema. Mzee mwenye heshima zake, anamsingizia mbwa. Wazo hilo lilimchekesha na kumuumiza kidogo, yote kwa pamoja.

Lakini la kushughulikia kwanza lilikuwa lingine. Kipaza angeipokea saa mbele ya ukoo mzima na wageni, angepapasa ubavu wake, asingekuta kitu. Na aliyekubali kwamba nje haitaguswa alikuwa yeye.

Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake, akamkuta peke yake anakunja nguo. Habari za koleo akazimeza, kwa kuwa alimjua wifi yake vizuri. Akipewa silaha kama ile angeitumia katika kila ugomvi wa nyumbani mpaka mmoja wao azikwe. Alimwambia tu kwamba fundi amepitiliza, alama imefutika. Wifi aliichukua saa, akaigeuza, akaipapasa, kisha akaketi juu ya nguo alizokwisha kuzikunja akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwache afe, wifi yangu," alisema alipopata pumzi. "Mimi nimelishwa mbwa huyo tangu nilipoolewa. Hana faida. Wezi walikuja wakabeba televisheni na hakubweka."

Shangazi Pindo akamwambia asimfanyie utani, mumewe ataanguka pale pale mbele ya watu, tena kwa kishindo. Wifi akawaza kidogo. Akakubali kwamba itakuwa aibu, na zaidi ya hapo atakayemuuguza ni yeye. Basi kama mbwa lazima arudi, akasema, arudi akiwa na meno ya maana, maana lile la zamani yeye siku zote aliliona kama pameng'atwa na kuku.

Tabu ikawa ni kukumbuka alama ilikuwa wapi hasa. Shangazi Pindo alisema juu ya kifundo cha kukazia, wifi akasema chini yake. Walitoa albamu za picha. Kipaza alikuwamo katika kila picha, mkono umenyooshwa, saa imeelekezwa kwa mpiga picha, na katika kila picha kidole chake kimekaa juu ya mbonyeo akiuonyesha, kwa hiyo mbonyeo wenyewe haukuonekana popote. Wifi akasema hapo ndipo utajua mtu huyu ameumbwa kumtesa. Mwisho wakakubaliana juu ya kifundo, kwa sababu Shangazi Pindo hakuwa tayari kukubaliana na kingine.

Fundi saa aliposikia ombi alirudi nyuma hatua nzima. Alisema amefanya kazi ile tangu kijana, amevunjiwa vioo, ametukanwa na wateja, lakini hajawahi kuombwa jambo kama hilo. Yeye kazi yake ni kutoa makovu. Je, alishawahi kumwona daktari anayemrudishia mgonjwa malaria kwa sababu ndugu zake waliizoea? Shangazi Pindo alimbembeleza, akamsifu, akarudia kumbembeleza, safari hii sifa hazikushika. Ndipo akamwambia kama hataki, basi atakwenda nayo nyumbani akaipige mwenyewe kwa kinu na mchi, mashine ikiwa ndani.

Fundi alifumba macho. Akainyakua saa, akatoa mashine yake kwa kibano, akaifunika na kikombe kidogo cha kioo kama anayemficha kifaranga, akamsukumia ganda tupu pamoja na nyundo ndogo na msumari. Akafungulia redio sauti ya juu, akageukia ukutani.

Shangazi Pindo alikuwa ameshika sindano na mkasi maisha yake yote, nyundo hakuizoea. Pigo la kwanza lilimpata kidole gumba. La pili liliteleza likachora mstari. La tatu likaingia sawasawa, likatoa kishimo cha mviringo, kizuri, cha kuaminika. Alipokitazama akaona kitu hakijakamilika. Mbwa mwenye jino moja hawezi kumtisha mpeleka barua. Akapiga jingine pembeni yake, akalitazama kwa mbali, akaridhika kama aridhikavyo pazia linapoanguka vizuri.

Fundi aligeuka bila kuombwa. Alikuwa amejikaza, lakini akaona vile vishimo na roho ya ufundi ikamshinda. Akasema kingo ni kali mno, zinaonyesha kwamba mbwa ameuma wiki hii. Akachukua kitupa kidogo, akazilainisha, akapaka mafuta machafu na kuyafuta mara kadhaa mpaka vishimo vikaingia weusi wa kizee. Kisha akafungua droo akatoa kile kioo cha zamani chenye mikwaruzo, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu, akakirudisha mahali pake. Alipomaliza aliitazama kazi kwa lensi, akasema kwa sauti ya chini kwamba kama mtu yeyote atauliza, yeye na mbwa huyo hawajuani.

Siku ya ufunguzi chumba cha kusubiria wagonjwa kilijaa ndugu mpaka ngazini. Palikuwa na keki, soda na viti vya kuazima. Binti daktari alivaa koti lake jipya na alikuwa akimzuia kila mtoto asipande kile kiti cha kulaza wagonjwa, na kila mtu mzima asiombe kuangaliwa gego lake siku hiyo hiyo. Shangazi Pindo alimkabidhi kaka yake kijiboksi dakika ya mwisho kabisa, watu wakiwa wamekwisha kunyamaza, ili asipate nafasi ya kuchunguza.

Kipaza aliifungua. Aliisogeza sikioni, akasikia ule mlio, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya ukoo alisimama mbele ya watu akiwa hana neno. Akawatazama watu, akakohoa, sauti ikarudi. Akaanza habari za marehemu Baba, baiskeli, jua, mvua, geti kubwa. Huku anaongea, kidole chake gumba kilikwenda chenyewe kutafuta mbonyeo, kama kilivyokuwa kikienda miaka yote. Kikafika. Kikasimama.

Alikuwa amefika kwenye mbwa. Mbwa hakutoka.

Aliitazama saa. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza, akatazama upande wa mkanda, mahali ambapo hakuna mtu mwingine angetazama, mahali palipokuwa na ule mbonyeo wa pili mdogo. Kisha akainua macho polepole mpaka yakamkuta dada yake. Shangazi Pindo alijitia hamnazo. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, anakagua mapindo ya mapazia aliyoyashona mwenyewe. Lakini alikuwa ameona. Kama koleo ingeshikwa na Baba, Kipaza asingejua kwamba kuna upande wa pili wa kutazama. Kwa hiyo mwenye koleo alikuwa huyo hapo mbele, jasho linamtoka, na, ukiwatoa dada yake na mkewe, katika chumba kizima ni yeye peke yake aliyeweza kuthibitisha kwamba meno yale ni ya bandia. Asingeweza kusema bila watu kumuuliza alijuaje.

"Basi akatokea mbwa," alisema Kipaza. Alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida, na ndugu wa nyuma wakaulizana kama anaumwa.

Binti yake alikuwa ameipokea saa. Aliikazia macho ile alama kwa namna anavyotazama mdomo wa mgonjwa, akachukua kifaa chembamba kwenye sahani yake ya chuma, akapima nafasi kati ya kishimo na kishimo. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa tu amesomea meno.

"Baba, huyo mbwa alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Watu walisubiri ndama. Kipaza alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameinamia chupa ya soda na mabega yanamtetemeka.

"Kwa nini unauliza?" akasema.

"Meno yake yamekaribiana sana. Huyu hajafikia hata paka aliyeshiba."

Chumba kilicheka. Kipaza akasubiri kicheko kiishe, akavuta pumzi, akajivika heshima yote iliyobaki.

"Alikuwa mdogo," akakiri. "Mdogo, lakini mwenye hasira."

Akamvisha binti yake saa, watu wakapiga makofi, keki ikakatwa. Jioni ile wifi alimpigia simu Shangazi Pindo kumweleza kwamba nyumbani kumetulia namna ambayo hajapata kuiona, mumewe anakunywa chai kimya na hata taarifa ya habari hajaibishia.

Kesho yake asubuhi, Shangazi Pindo alikuwa kwenye cherehani anapinda kitambaa kizito cha mteja, mlango ukasukumwa na Kipaza akaingia. Hakupiga hodi ya kuangusha vyombo kama kawaida yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika kipande cha kitambaa, akakiacha, akaulizia bei ya uzi, jambo ambalo halikuwahi kumhusu. Dada yake aliendelea kushona. Alikuwa na raha zake na hakutaka ziishe haraka.

Hatimaye Kipaza akauliza fundi alisema nini juu ya saa. Akajibiwa springi ilikuwa imekatika. Na nyingine? Mafuta yaliganda. Kipaza akajikuna shingo. Akauliza kama fundi alisema lolote kuhusu nje.

Shangazi Pindo akainua mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza.

"Alisema mbwa wetu alitoka kwenye sanduku la vifaa."

Kipaza alivisogeza kwa kiatu vipande vya nyuzi vilivyotapakaa miguuni mwake.

"Yule mbwa alikuwa wa Baba," akasema mwishowe. "Mimi nilimfuga tu."

Kisha akaeleza, kwa sauti ndogo ambayo dada yake hakujua kama anayo. Alikuwa mtoto, na alitaka kuona ni mdudu gani analia ndani ya saa. Baba alikuwa ameivua akioga. Alipotoka akamkuta nyuma ya mlango, koleo kaificha ndani ya shati, na saa mezani imebonyea. Mama alikuwa anakuja, na Mama hakuwa mtu wa mchezo. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Baba akamtazama mtoto. Akaichukua saa akaivaa hivyo hivyo, akamgeukia mkewe akaanza kumweleza kwamba leo kazini amekutana na mbwa.

Shangazi Pindo alisema alijua Baba ndiye aliyeanza, lakini hilo la shati hakulijua.

"Hujui la sindano pia," alisema Kipaza.

Katika kusimulia kwake kote hakuwahi kuzitaja. Baba alikuwa na mkwaruzo mkononi, wa mnyororo wa baiskeli, na Mama alipouona hakutaka kusikia kingine. Mbwa ni mbwa, akasema, na kichaa cha mbwa hakina dawa kikishaingia. Akamshika mkono akampeleka hospitali. Zama zile sindano za mbwa zilichomwa tumboni, moja leo, nyingine kesho, na kuendelea. Njia nzima ya kwenda Baba angeweza kusema. Kwenye foleni angeweza kusema. Hakusema. Alilala kitandani akafunua shati, akachomwa, na kesho yake akarudi kuchomwa tena, mpaka dozi ikaisha, na kila aliporudi nyumbani ameshika tumbo alimkuta mwanawe amesimama mlangoni, akamwuliza kama amekwisha kula.

"Hakunigusia mpaka anaingia kaburini," alisema Kipaza. "Sasa mtu amechomwa sindano zote zile kwa ajili ya mbwa ambaye hakuwepo. Nitamwachaje huyo mbwa afe? Nikawa nampa chakula kidogo kidogo."

Shangazi Pindo alitaka kusema kitu cha heshima. Alimwona baba yake amelala chali na shati lake la posta limekunjwa mpaka kifuani, anamtazama muuguzi anayekuja, na mama yao amesimama pembeni amekunja mikono kuhakikisha hakuna sindano inayorukwa. Macho yalimjaa. Halafu akamfikiria muuguzi anamuuliza mzee mbwa alikuwa wa rangi gani, na mzee anatafuta rangi. Pumzi ikampaa puani. Alijizuia, akashindwa, akaangua kicheko mpaka akalaza kichwa juu ya cherehani. Kipaza alimtazama kwa hasira ya kaka mkubwa, akataka kumkemea, lakini badala ya kukemea ikatoka sauti yake ile yenyewe, ya ghala, ya harusi, inacheka mpaka mikasi inatikisika ukutani.

Mwanamke mmoja aliyekuja kupimiwa pazia la sebuleni alisukuma mlango, akawakuta watu wazima wawili wameshikana mabega, nyuso zimelowa machozi. Akaweka mkono kifuani, akauliza kwa upole kama pana msiba, arudi siku nyingine.

"Ingia, mama," alisema Shangazi Pindo, akijifuta kwa ncha ya kitambaa cha mteja. "Hakuna msiba. Umekuja na vipimo vya dirisha?"